Sifuri za Shimo la Nyuma

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kazini, na hilo peke yake lilinichosha, maana huko ndiko nilikokuwa nimetoka.

Ilikuwa Jumatano ya mwisho wa mwezi, nami nilikuwa nikifanya kile ninachofanya kila Jumatano ya mwisho wa mwezi. Kiwanda chetu ni cha kusindika ngozi. Kimejengwa nje ya mji, upande ambao upepo ukishapita haurudi kwa watu. Nyuma yake kuna shimo la majitaka. Humo hukutana maji ya dawa ya kunyonyolea manyoya na maji yenye tindikali, na yakikutana hutoa gesi inayonuka kama yai viza. Tope hujaa polepole, na kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi mtu hushuka kwa ngazi na koleo kwenda kulitoa.

Mtu huyo ni Shija. Shija ni baba yangu.

Kazi yangu mimi ni ndogo. Nafunga kipima gesi kwenye kamba, nakishusha shimoni, nahesabu hadi sitini, nakivuta, nasoma namba, naiandika kwenye fomu. Fomu ikisema sifuri, kesho yake ngazi inateremshwa. Nina stashahada ya maabara na miezi kumi na minne kazini, na mara zote kumi na nne nimeandika sifuri.

Basi nikashusha kamba, nikahesabu. Nilipofika arobaini na moja, kamba ikavutwa kutoka chini mara mbili, kwa adabu, kama mtu anayepiga hodi.

"Nitoe," kipima gesi kikasema. "Huku kunanuka."

Nikakivuta. Kioo chake kilionyesha sifuri na taa yake ya kijani ilikuwa inawaka vizuri tu.

"Kama kunanuka, mbona unaonyesha sifuri?" nikauliza.

"Mimi nimelala."

"Tangu lini?"

"Tangu masika ya mwaka juzi. Uhai wangu ni miaka miwili. Ikiisha, kinabaki kioo na taa." Kilipiga mwayo. "Ile si sifuri ya shimo, binti. Ni sifuri yangu mimi."

Sikushtuka sana. Sifuri mahali panaponuka yai viza ni jambo la kushangaza, nami nilikuwa nimelishangaa kwa miezi kumi na minne bila kumsumbua mtu.

"Nimwambie Bwana Lubasha?" nikauliza. Bwana Lubasha ni msimamizi wa zamu.

"Mwambie."

"Ana mambo mengi."

"Basi andika sifuri," kikasema, kikarudi kulala.

Nikashika njia ya ofisini. Mlango wa ofisi nilioufungua ulikuwa lango la kiwanda, kwa nje. Juu ya lango pana ubao wetu wa siku zote, maandishi mekundu: USALAMA KWANZA. Chini ya ubao alisimama mama mmoja wa makamo, khanga imepauka, miguu imevimba, kofia ngumu ameishika mikononi kama bakuli la mtu anayesubiri kupakuliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Unamsubiri nani?"

"Simsubiri mtu. Mimi ndiye Usalama. Nimewekwa kwanza." Akahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. "Kwanza kabisa. Hapa nje, kabla hata ya mlinzi. Tangu kiwanda kinafunguliwa. Wageni wakija wanapiga picha na mimi."

"Hujawahi kuingia ndani?"

"Nani kanikaribisha? Hata wewe, siku ile unakuja na vyeti vyako kwenye bahasha, nikasema moyoni, huyu kasoma, huyu ataniambia karibu. Ukaniamkia vizuri sana, ukapita."

"Samahani," nikasema.

"Mnaipenda samahani nyie. Nitafutie kiti."

Nikageuka kutafuta kiti, na lango likawa limeshaondoka.

Sasa niko kwenye dirisha la maziwa.

Dirisha hili lipo kweli. Kila anayemaliza zamu hupewa pakiti moja la nusu lita, kwa sababu maziwa husafisha kifua. Hivyo ndivyo tunavyoambiwa. Barakoa hakuna, maziwa yapo, na kila Jumatatu Bwana Lubasha hutukumbusha kikaoni: "Barakoa inazuia pumzi. Maziwa yanazuia sumu." Watu hucheka kidogo, halafu hupanga foleni.

Nyuma ya dirisha amekaa ng'ombe mwenye miwani. Amevaa koti la mvua, amelifunga vifungo hadi shingoni. Siulizi. Anaona kwamba siulizi.

"Ngozi yangu imelowekwa ndani huko, pipa la saba," anasema. "Ngozi nimewapa. Maziwa nimewapa. Sasa nasikia mnasema nimewapa na kifua. Ni kweli?"

"Ndivyo wanavyosema, mama."

"Wewe si umesoma? Nieleze basi. Maziwa yanafikaje kifuani?"

Jibu ninalo. Nalijua tangu chuoni. Natazama viatu vyangu.

"Mwacheni," linasema pakiti moja la maziwa lililolala mezani, sauti nyembamba ya mtu aliyekwisha kueleza jambo lile lile mara nyingi. "Nitaeleza mimi, njia naijua. Ukifika kooni kuna njia panda. Hewa inashika njia ya mbele, mimi nashika ya nyuma. Hatujawahi kukutana. Kila siku natumwa kifuani, kila siku naishia tumboni, na kila siku nasifiwa."

"Pole," nasema.

"Na huyo Shija wenu hajawahi hata kuninywa."

Linajiinua kwa kona moja, linanitazama.

"Wewe nakujua. Kikombe cha bati, kina ua jekundu ubavuni. Darasa la kwanza hadi la saba, na likizo zote za sekondari. Alikuwa anakuambia yeye maziwa yanamchefua."

Ni kweli. Kila jioni baba alitoa pakiti kwenye koti, limepata joto la mwili wake, akang'ata kona, akanimiminia. "Mimi na maziwa hatupatani," alikuwa akisema. Kisha anakohoa, anakaa pembeni kunitazama ninavyokunywa. Nilirefuka kuwapita wasichana wote wa mtaani.

"Kwa hiyo nilikunywa kifua cha baba?" nauliza.

Ng'ombe anavua miwani, anaifuta kwa pindo la koti.

"Ulikunywa maziwa, mtoto. Kifua chake hakikuwa humo. Hilo ndilo tunalokuambia muda wote huu." Anavaa miwani. "Anayefuata."

Anayefuata nyuma yangu ni pua.

Nyuma ya pua hiyo kuna pua nyingine, na nyingine, foleni nzima hadi kwenye mapipa ya chokaa. Zinasaini daftari la kutoka. Ya mbele naijua. Ina kovu dogo juu, pale baba alipogongwa na mlango wa pipa nikiwa darasa la tatu.

"Shikamoo," naiambia.

"Marahaba, mama," inajibu kwa sauti ya baba, imechoka.

"Unakwenda wapi saa hizi? Zamu haijaisha."

"Yangu imeisha. Mimi kule chini kazi yangu ni kupiga kelele. Gesi ikiwa kidogo, napiga kelele. Ikiwa nyingi, mimi ndiye wa kwanza kuzimwa. Nikishazimwa Shija anafurahi, anasema leo afadhali, hakunuki."

"Lakini hapo ndipo..."

"Hapo ndipo," pua inakubali. "Ulifundishwa?"

"Mwaka wa kwanza, muhula wa pili."

"Ulimwambia?"

Pua inasaini, inaweka kalamu chini taratibu, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mwenzake.

"Na mimi niende?" pua yangu mwenyewe inaniuliza kwa chini.

"Baki kidogo," naiambia.

Ikawa Alhamisi bila usiku kupita katikati.

Shimo lilikuwa sebuleni kwetu, kati ya meza na kabati la vyombo. Mtu alikuwa amekunja kitambaa cha meza ili ngazi ipate pa kuegemea. Ukutani, pale tunapotundika kalenda, palikuwa na sharti la kiwanda lenye fremu: ALIYEANGUKA ASIFUATWE. Watu waliokuwa wakilisoma walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja na namba yake mkononi, wanasubiri kumfuata aliyeanguka.

Lakini bado hakuna aliyekuwa ameanguka. Baba alikuwa anafunga kamba za buti.

"Nitakuletea maziwa," akaniambia, akashuka.

Nikasikia koleo mara tatu. Mara ya nne sikusikia.

Bwana Lubasha akachungulia shimoni, akapiga filimbi. "Shija kalala. Wa pili."

Wa pili alikuwa fundi wa mapipa. Akavua saa yake, akamkabidhi wa tatu, akashuka. Wa tatu akaivaa ile saa, akasubiri, akaivua, akamkabidhi wa nne.

"Bwana Lubasha," nikasema kwa sauti ninayoitumia ofisini, ambayo haivuki meza. "Sharti linasema wasifuatane."

"Sisi ni watu, Minza. Mwenzako akianguka unamwacha?"

"Ndivyo wanavyokufa wengi."

"Wanakufaje? Fomu inasema nini?"

"Sifuri."

"Nani kaandika?"

"Mimi."

"Basi hawafi," akasema bila ukali wowote. "Wanapumzika. Wewe ni namba nane."

Kweli mkononi mwangu palikuwa na karatasi yenye nane, imelowa jasho. Nikafumbua mdomo niseme simameni. Ikatoka sifuri. Sifuri nyeupe, ya mviringo, kubwa kiasi cha bangili. Ikaanguka sakafuni, ikabingirika, ikaingia shimoni bila kishindo.

Nikajaribu tena. Nyingine.

Nilijaribu mara kumi na nne. Nilizihesabu, maana kuhesabu ndiko ninakokuweza. Ya mwisho ilikuwa kubwa kama gurudumu la baiskeli na ilinichubua midomo ikitoka. Bwana Lubasha akanipigapiga begani.

"Kazi safi," akasema. "Wa tano."

Ndipo pete iliyokuwa kidoleni mwangu ilipoanza kunibana. Ni pete ya fedha ya marehemu mama, nyembamba, haina jiwe. Ikajisokota, ikapita kifundo cha kidole, ikatua kwenye fomu.

"Nipisheni nisaini," ikasema.

"Wewe si mpimaji," Bwana Lubasha akaiambia.

"Mimi ni fedha. Sina vyeti. Nikikutana na gesi ile nageuka rangi, basi, ndiyo elimu yangu yote." Ikajibingirisha juu ya karatasi kutoka ukingo hadi ukingo, ikaacha mstari mweusi juu ya sifuri zote kumi na nne. "Hata nilipokuwa kidoleni kwa mama yake, akifua nguo za Shija, nilisema hivi hivi. Akanisugua kwa majivu. Huyu naye ananisugua kwa dawa ya meno. Nimechoka kusafishwa. Nataka kusomwa."

"Wa sita. Wa saba," Bwana Lubasha akasema.

Wa saba akanikabidhi saa.

Nikaivaa. Nikachungulia. Chini kulikuwa kweupe, maziwa matupu, yametulia, na juu yake kinaelea kikombe cha bati chenye ua jekundu. Nikaweka mguu kwenye ngazi.

"Hata mimi sipendi," ngazi ikanong'ona. "Lakini nimeteremshwa."

"Nane," Bwana Lubasha akasema.

Nikaamka.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nje baba alikuwa anakohoa, kile kikohozi chake cha asubuhi ambacho huanza kabla ya jogoo wa jirani na huisha baada yake. Nilisikia anakung'uta buti ukutani, moja, halafu la pili. Alhamisi.

Kipima gesi kilikuwa kwenye mkoba wangu, nilikuja nacho nyumbani kukichaji kwa kuwa ofisini soketi ni moja, ya birika la chai. Taa ya kijani. Sifuri. Nikakisogeza puani, kikanuka yai viza. Bado sifuri.

Kisha nikautazama mkono wangu.

Jumapili nilikuwa nimeisugua pete ile kwa dawa ya meno kwa ajili ya harusi ya binti wa jirani, hadi watu wakaniuliza kama ni mpya. Jana asubuhi, nikielekea shimoni, ilikuwa inang'aa. Sasa ilikuwa nyeusi. Nyeusi ya sufuria ya kuni, mzunguko mzima, na kidoleni imeacha mstari.

Nikatoka nje.

"Umeamka, mama," baba akasema. Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umelala vibaya leo. Nimekusikia unahesabu."

"Nilifika ngapi?"

"Kumi na nne. Ukanyamaza, halafu ukaanza kugumia kama mtu aliyekabwa. Nikagonga ukuta."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, buti miguuni, kamba bado hazijafungwa. Nikakaa kizingitini, nikamnyooshea mkono. Aliutazama kwa muda.

"Ya mama yako hiyo," akasema. "Ilikuwa inafanya hivyo hivyo. Kila akifua nguo zangu za shimoni."

"Ni gesi, baba. Fedha ikikutana na gesi ya lile shimo inageuka hivi. Mimi jana nilisimama ukingoni dakika kumi tu. Wewe unakaa kule chini saa tatu nzima."

"Lakini si unapima?"

Nilichosema ni kitu kingine, kilichokuwa karibu zaidi na mdomo.

"Baba, maziwa hayaendi kifuani."

Akavuta kamba ya buti, akaiachia.

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua mwezi wa kwanza tu. Kitu cha kunywa kinafikaje kwenye mapafu? Ndiyo maana nilikuwa nakuletea wewe. Nikasema, angalau yafike mahali."

Nilitaka kumwambia kwamba yalifika. Simu yake ikaita pale dirishani. Aliibonyeza sauti ya nje, maana sikio lake moja ni zito.

"Shija, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Bwana Lubasha. "Fanya haraka basi. Ngazi imeshateremshwa, niko hapa na fundi. Na leo una bahati yako. Tumefika kunanuka sana, sasa hivi hakunuki kabisa. Utafanya kazi kwa raha."

Baba akaanza kufunga kamba.

Nikaichukua simu mkononi mwake. Katika maisha yangu sijawahi kumpokonya baba kitu.

"Bwana Lubasha, shikamoo. Ni Minza."

"Marahaba. Mpe baba yako."

"Umesema mlipofika kulikuwa kunanuka?"

"Ndiyo. Kukaacha. Kuna nini?"

Nikafumbua mdomo. Nikasubiri ile sifuri. Nilihisi kabisa mahali inapokaa, hapa kooni, kwenye njia panda. Haikutoka.

"Ondokeni hapo ukingoni," nikasema. "Sasa hivi, wewe na fundi, mwende upande upepo unakotoka. Hakujaacha kunuka. Pua zenu ndizo zimezimika."

"Wewe binti, fomu yako hii hapa nimeishika, inasema sif..."

"Kipima gesi kimekufa. Kilikufa kabla sijaajiriwa. Zile sifuri zote kumi na nne nimeziandika mimi, na nilijua, nikaona haya kusema. Asishuke mtu. Na fundi akianguka hapo ulipo usimwinamie, kimbia ukaite watu wenye mitungi ya hewa."

Nikasikia sauti yake, mbali na simu, ikimwambia mtu, "We, toka hapo. Toka, nimesema." Halafu viatu juu ya kokoto, vingi kuliko vya mtu mmoja, na pumzi ya mtu mnene asiyezoea kukimbia.

Tulisubiri. Baba alikuwa amenikodolea macho kana kwamba ninazungumza lugha aliyoisikia zamani.

"Tumetoka," Bwana Lubasha akasema hatimaye. "Tuko huku langoni, chini ya ubao. Kichwa kinaniuma. Huyu mwenzangu anatapika." Akahema. "Rudia, Minza. Ulivyosema. Mlinzi naye asikie."

Nilikuwa nimezungumza kwa sauti iliyovuka ua. Jirani alikuwa amesimama na ndoo yake, anasikiliza. Nikaisogeza simu karibu na mdomo, nikarudia yote tangu mwanzo, kipima gesi, sifuri, pua, nikaongeza na maziwa, polepole, bila samahani hata moja. Nilipofika mwisho baba alikuwa ameshavua buti la kwanza.

"Na baba yangu," nikasema, "hashuki tena mle."